Pua ya Mzee Tarcisio

Mafalda aliolewa Colmardin, kijiji cha mizabibu huko Italia, mwezi wa Septemba, wiki mbili kabla ya mavuno, na kwa muda mrefu aliamini kwamba Dorino alimwoa kwa sababu ya upungufu wa wachumaji. Yeye alikuwa mtu wa Trieste, mtoto wa bandarini, karani katika kampuni ya kuagiza kahawa. Alijua kupiga taipu kwa Kiitaliano na Kijerumani, tena haraka. Mizabibu hakuijua. Siku ya kwanza shambani alikata mashada kumi ya zabibu na vidole viwili.

"Wifi," alisema Nerina, dada wa mumewe, huku akimfunga kitambaa, "tunakata zile zenye vikonyo. Hivi vingine ni vidole vyako, vitakufaa baadaye."

Nerina alikuwa na miaka thelathini na mitatu, hajaolewa wala hana haraka, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wa kupogolea. Dorino, mdogo wake, alikuwa mtu wa trekta. Ukimuuliza habari ya mvinyo alikujibu habari ya injini. Juu yao wote alikaa baba yao, Mzee Tarcisio Bulfarin, mjane mwenye masharubu meupe yaliyochanwa kila asubuhi kabla ya nywele.

Mali ya ukoo ilikuwa hekta nne za mizabibu kwenye mteremko, nyumba ya mawe, ghala la chini ya ardhi lenye mapipa kumi na moja, na pua ya Mzee Tarcisio. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa na sifa. Kila Januari wenye baa wa vijiji vya jirani walikuja na madumu yao ya vioo, wakashuka ghalani, wakavua kofia. Mzee alichukua glasi, akaizungusha, akaingiza pua yote ndani, akafumba macho. Hapo hakuna aliyethubutu kukohoa. Gildo, mwenye baa wa Colmardin, mtu mnene mwenye pumzi fupi, alijizuia kupumua mpaka mashavu yakawa mekundu. Kisha Mzee alifumbua macho na kusema, "Pipa la nne. La saba bado, liacheni lilale." Na kweli, la nne lilikuwa tamu, na la saba lilikuwa bado.

Mafalda aliyatazama haya yote akiwa amesimama nyuma na tochi, na alichokiona zaidi ni kwamba wifi yake hakuacha kujikuna. Glasi ikienda puani mwa Mzee, Nerina, aliyekuwa ameshaonja mapema kwa kisingizio cha kuosha glasi, alijikuna sikio. Glasi nyingine ikienda, alijikuna shingo. Sikio, shingo, sikio. Mafalda alimhurumia. Siku ya soko ilipofika akamnunulia sabuni ya dawa kutoka duka la mjini Cividale, akamkabidhi kwa siri, kwa upole wa mwanamke kwa mwanamke.

Nerina akaitazama sabuni, akamtazama wifi yake, akasema, "Asante sana. Umenifikiria." Kesho yake Mafalda alimwona akimwogesha mbwa kwa sabuni ileile.

Jambo moja lilimkera Mafalda: mvinyo mzuri namna ile kuuzwa kwa madumu, usio na jina, uishie mezani kwa Gildo miongoni mwa wacheza karata. Akasema mezani, wakati wa chakula, kwamba ingefaa kuutia katika chupa. Mzee Tarcisio akaendelea kula maharage. Akasema tena wiki iliyofuata. Mzee akaomba polenta, ugali wa mahindi wa huko. Mara ya tatu Mzee akaweka uma chini.

"Mwanangu," alisema, "huko kwenu bandarini kila kitu kinapakiwa. Hapa tunakunywa."

"Baba, hata chupa inanywewa."

"Dumu halisemi kitu. Chupa inapiga domo."

Na likaishia hapo. Dorino akamkanyaga mkewe mguu chini ya meza, akimaanisha anyamaze. Mafalda naye akamkanyaga, akimaanisha kwamba hata akinyamaza, si kwa kumtii yeye.

Ilikuwa mwezi wa Februari, asubuhi ya baridi kali. Mafalda alikuwa uani akianua nguo zilizoganda kama mbao, akasikia harufu mbaya, harufu ya sufu inayoungua. Akakimbilia jikoni. Alimkuta Mzee Tarcisio ameketi kando ya jiko la kuni, miguu ameinyoosha, gazeti limemfunika uso, na kiatu chake kimoja cha sufu, alichokiweka juu ya jiko kipate joto, kilikuwa kinatoa moshi kama bomba la meli. Jikoni hapakaliki kwa uvundo. Mzee alikuwa akisoma matokeo ya mbio za baiskeli.

"Baba! Kiatu!"

Mzee akashusha gazeti, akaona moshi, akaruka. Mafalda akakitupa kiatu kwenye ndoo ya maji.

"Baba," Mafalda akasema polepole, "kwani husikii harufu?"

Mzee akakaa. Akayashika masharubu, upande mmoja kisha wa pili.

"Tangu homa kubwa ya mwaka hamsini na saba," akasema. "Niliamka kitandani nikaona kahawa ni maji ya moto. Nikasema itapita. Haikupita. Miaka kumi na minne sasa. Nikiweka waridi puani na nikiweka soksi, kwangu mamoja."

"Lakini mapipa... pipa la nne, la saba..."

"Neri," akasema Mzee. "Ni Neri. Akijikuna sikio, ndiyo. Shingo, bado."

Mafalda akakumbuka sabuni, akatamani ardhi immeze.

"Dorino anajua?"

"Anajua. Ila usimwambie kwamba na wewe unajua, maana atataka tulizungumze." Kisha akainamisha kichwa. "Ndiyo maana sitaki chupa, mwanangu. Dumu halina jina. Gildo akidhani ni pua yangu, hilo ni lake, mimi sijamwambia kitu. Lakini chupa itaandikwa Tarcisio Bulfarin. Chupa elfu moja, uongo elfu moja. Na mimi nitalala vipi?"

Mafalda alikuwa amejiandaa miezi mitano kupambana na ukaidi. Huu haukuwa ukaidi. Akaenda kumtafutia kiatu kingine.

Mchana huohuo akapanda mteremkoni, alikokuwa Nerina akipogoa. Nerina alimwona anavyokuja, akakata kitawi, akasema bila kugeuka, "Harufu ya kiatu imefika mpaka huku. Kwa hiyo umeambiwa."

"Wifi, kuhusu ile sabuni..."

"Mbwa anakushukuru. Hajawahi kung'aa vile."

"Kwa nini unajificha? Wewe ndiye unayefanya kila kitu!"

Nerina akasogelea mzabibu wa pili. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa mzee alipopatwa na ile homa. Nani angevua kofia mbele ya msichana wa miaka kumi na tisa mwenye vipele? Hawa watu, wifi, hawanunui pua. Wananunua masharubu. Na mimi, namshukuru Mungu, sina." Akakata kitawi kingine, safari hii kwa nguvu kidogo. "Bado."

Mafalda alishuka akiwa amefikia uamuzi, na kama ilivyo kwa watu wenye taipu, uamuzi wake ulikuwa barua. Aliandika kwa Kijerumani kizuri kwenda kwa Bibi Hedwig, mwenye hoteli huko Graz, Austria, ambaye zamani alikuwa akinunua kahawa kwa kampuni yao. Akamwambia kuna mvinyo mweupe hapa anaopaswa kuuonja. Hakusema habari za pua. Hakumwambia mtu mwingine yeyote. Alidhani atapata jibu, apange siku, awaandae watu taratibu.

Bibi Hedwig hakuwa mtu wa majibu. Alifika mwenyewe, katikati ya Machi, saa sita mchana, kwa gari jekundu lililojaa matope, amevaa kofia yenye manyoya ya ndege. Ghalani alikuwemo Gildo, aliyekuja kujaza madumu yake. Dorino alikuwa chini ya trekta. Na Nerina, siku hiyo moja kati ya siku zote za mwaka, alikuwa Cividale kung'oa jino.

"Ni nani huyu?" Mzee Tarcisio aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mgeni wangu, baba. Amekuja kununua. Chupa." Mafalda alihisi sauti yake inapungua kadiri sentensi ilivyoendelea. "Nilimwandikia barua."

Mzee akayachana masharubu kwa vidole. "Watu wa bandarini," akasema.

Bibi Hedwig akashuka ngazi kama anaingia kanisani. Alikuwa ameshasimuliwa. Gildo alimdaka mlangoni, na kwa Kijerumani chake cha maneno ishirini, alichokipata jeshini, alikuwa ameshamweleza kila kitu kuhusu pua kubwa kuliko zote bonde zima. "Sasa tazama," Gildo alimnong'oneza, "usipumue."

Glasi ikajazwa kutoka pipa la pili. Mzee Tarcisio akaizungusha. Akaingiza pua. Akafumba macho. Dorino, aliyekuwa ametoka chini ya trekta akiwa na oili mpaka nywele, alisimama mahali pa dada yake, na kwa kutaka kusaidia akaanza kujikuna sikio, kisha shingo, kisha vyote viwili, kwa maana Dorino hakujua tofauti ya mvinyo na siki mpaka aone lebo. Mzee akafumbua jicho moja, akamwona mwanawe anavyojikuna kama nyani, akalifumba tena.

Gildo alikuwa mwekundu. Mafalda alihesabu mpaka kumi na tano.

Kisha Mzee akaishusha glasi, akaiweka taratibu juu ya pipa.

"Mwambie mgeni wako," alimwambia Mafalda, "kwamba mimi sisikii chochote. Glasi hii ingeweza kuwa mvinyo, ingeweza kuwa mafuta ya taa. Pua iko kwa daktari wa meno. Kama ana subira, itarudi na basi la saa nane."

Gildo akaachia pumzi yote aliyokuwa ameibana, na mshumaa uliokuwa juu ya pipa ukazimika.

"Tarcisio, unanitania."

"Sikutanii."

"Tangu lini?"

"Tangu hamsini na saba."

"Miaka kumi na minne!" Gildo akapaza sauti mpaka ghala likaitikia. "Miaka kumi na minne nabana pumzi kwa heshima! Daktari ameniambia nina moyo dhaifu, Tarcisio! Ningekufa hapa chini!"

"Mvinyo ulikuwa mbaya?"

Gildo akajifuta jasho. "Hapana," akakiri. "Hilo ndilo linaloniudhi."

Mafalda akamtafsiria Bibi Hedwig neno kwa neno, akiogopa. Bibi Hedwig akasikiliza mpaka mwisho, akavua ile kofia yake ya manyoya, akaiweka juu ya pipa, akauliza kama kuna kitu cha kula wakati wa kusubiri. Wakampa jibini ya kukaanga na polenta. Akala sahani mbili, akaomba aandikiwe namna ya kupika.

Nerina aliteremka kwenye basi saa nane na robo, shavu limevimba kama ameficha tufaha, kitambaa kimefungwa kichwani na fundo juu kama masikio ya sungura. Alipoona gari jekundu, baba yake mlangoni, Gildo na mwanamke wa kigeni, alijaribu kurudi ndani ya basi. Basi lilikuwa limeshaondoka.

"Fifi," akamwambia Mafalda kwa mdomo uliokufa ganzi, akimaanisha wifi. "Umefanya nini?"

"Njoo uonje, tafadhali."

"Fifezi kuonja! Ulimi fiusikii!"

"Ulimi hauna kazi," alisema Mzee Tarcisio. "Pua imevimba?"

Nerina akamtazama baba yake. Akamwona Gildo naye akimtazama, akaelewa kwamba siri imekwisha. Alishuka ngazi, akachukua glasi kutoka mkononi mwa baba yake, akapita pipa baada ya pipa, yote kumi na moja. Hakufumba macho wala hakungoja. Alinusa mara moja kila glasi kama mama anayenusa nepi, akaiweka chini. Mwishoni akagonga pipa la pili kwa kiganja, akagonga la tisa, akachanganya glasi mbili katika moja, la pili zaidi, la tisa kidogo, akampa mgeni.

Bibi Hedwig akanywa. Akanywa tena. Akasema neno moja la Kijerumani, na Mafalda hakuhitaji kulitafsiri.

"Chupa mia sita," akasema Mafalda baada ya kuongea naye. "Kwa kuanzia. Anauliza ziandikwe jina gani."

"Jina la Neri," akasema Mzee, haraka, kama mtu aliyekuwa na jibu tayari kwa miaka.

"Fitaki!" Nerina akang'aka. "Fitaki watu wanitazame wakila!"

Waligombana mpaka ganzi ikamwisha, kisha wakagombana vizuri zaidi. Mwisho wakakubaliana: Bulfarin e Figlia, yaani Bulfarin na Binti.

"Na mimi?" akauliza Dorino.

"Wewe tutakuandika kwenye trekta," akasema Nerina.

Lebo zikaagizwa kwa mchapaji mmoja mjini. Mchapaji yule alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliowaponza. Katika maisha yake yote hakuwahi kuchapa kampuni ya mvinyo ya mtu na binti. Zote zilikuwa za mtu na wanawe. Akaona wazi kwamba karani wa taipu amepitiwa. Akaifuta ile herufi ya mwisho, ikasomeka Figli, wana wa kiume, akazipeleka lebo mia sita zikiwa zimefungwa vizuri, pamoja na salamu.

Lori la Bibi Hedwig lilikuwa linakuja keshokutwa.

Nerina alizisoma, akacheka mpaka akakalia gunia. "Si niliwaambia? Hata karatasi inataka masharubu!"

Lakini Mafalda alishachukua wino. "Ni herufi moja tu," akasema. "A. Sote tunajua kuandika A."

Wakakaa jikoni wanne, mchana kutwa, wakiongeza A moja kwenye kila lebo. A za Mafalda zilikuwa za shule ya makarani, zimelala upande mmoja. Za Nerina ndogo, kana kwamba zinaomba radhi. Za Dorino zilikuwa na alama za oili. Mzee Tarcisio aliandika kwa kutoa ulimi nje, na kila A yake ilikuwa nene na ya duara, yenye kamkia, mithili ya konokono. Alipomaliza fungu lake alizipanga lebo mezani akazitazama kwa fahari ambayo Mafalda hakuwahi kuiona hata siku za ile glasi na macho yaliyofumbwa.

Graz walifikiri ndiyo desturi ya nyumba. Mwaka uliofuata, lebo zilipokuja zimechapwa sawasawa, Bibi Hedwig aliandika kwa hasira: wateja wanauliza imekwenda wapi ile herufi ya mkono, hasa ile ya konokono, wapo wanaosema konokono ndiye mtamu zaidi. Ikabidi wamrudie mchapaji, wamwombe akosee tena. Akakataa katakata, akasema yeye ana jina la kulinda. Mafalda alikaa naye saa nzima mpaka akakubali.

Chupa mia sita zikawa elfu nne, elfu nne zikawa elfu kumi na moja. Walinunua mteremko wa jirani na mashine mpya ya kukamulia, wakajenga ghala la juu la kuwekea chupa. Nerina alipofikisha A elfu moja kwa mwaka aligoma, akasema vidole vyake ni vya kupogolea, si vya ofisi. Wakaajiri wanawake wawili wa kijijini, na Mzee akawa anawafundisha konokono. Wenye baa waliendelea kuja Januari na madumu yao. Mwaka wa kwanza walishuka ghalani kwa aibu, hawajui kofia wamvulie nani. Wa kwanza kuivua mbele ya Nerina alikuwa Gildo. "Ila kupumua nitapumua," akamwambia. "Heshima imenitosha."

Nerina hakuwahi kutoka nje ya mkoa mpaka mwaka wa tano, Bibi Hedwig alipowaalika wote hotelini kwake. Walikwenda kwa treni, Mzee akiwa na suti ya harusi yake, Dorino akilalamika kwamba dereva wa treni anabadilisha gia vibaya. Wakakaribishwa katika ukumbi wenye taa za vioo na vitambaa vyeupe, na karibu kila meza palikuwa na chupa yao. Nerina alikaa kama mtu aliyekalia msumari. Hakugusa chakula. Macho yake yalikuwa kwa watu wanaokunywa.

"Wifi, kula," alimwambia Mafalda. "Hakuna anayekutazama."

"Si hilo," akasema Nerina. "Yule. Yule pale mwenye kipara. Tazama anachofanya."

Meza ya pili, bwana mmoja mnene, mwenye uso wa ukarimu, alikuwa amejimiminia nusu glasi ya Bulfarin na Binti. Kisha akavuta chupa kubwa ya maji ya soda, akaijaza glasi mpaka juu, kama wafanyavyo watu wengi wa huko tangu zamani, akanywa kwa raha zote.

"Ndiyo mila yao," Mafalda akanong'ona. "Muache mtu wa watu."

"Mila," akasema Nerina.

Mafalda alijaribu kumshika sketi, lakini alikuwa amechelewa. Nerina alivuka ukumbi kwa mwendo wake wa mteremkoni, akasimama kwenye meza ya yule bwana, akampa tabasamu zuri ambalo familia yake haikuwahi kupewa, akaichukua ile chupa ya soda kama mhudumu, akaenda kuiweka upande wa pili wa ukumbi, nyuma ya chungu cha maua. Kisha akarudi, akakaa, akachukua uma, na kwa mara ya kwanza jioni hiyo akaanza kula.

"Ningejua ana tabasamu kama lile," Mzee Tarcisio alimwambia Mafalda, "tungeuza chupa elfu ishirini."

Yule bwana mwenye kipara alikuwa ameinama, anachungulia chini ya meza akiitafuta soda yake.